Mwongozo wa Kuvunja Arusi ya Fukusi

Fukusi wa kunde hali kunde. Yule kijidudu wa rangi ya hudhurungi mwenye mabaka mgongoni, unayemkuta akikimbia huku na huko juu ya ungo, hakuja kutafuta chakula. Amekuja kuoa. Umri wake ni wiki moja, akijaliwa sana mbili, na muda wote huo ana shughuli moja tu: kutafuta mwenza, kisha kutaga. Jike mmoja anaweza kubandika mayai yakakaribia mia, moja hapa, moja pale, kila moja limegandishwa juu ya ngozi ya kunde kwa gundi ya mama yake. Inua punje uitazame kwenye mwanga wa dirisha, utayaona: vidoa vyeupe vinavyong'aa, ambavyo kucha haivibandui kwa urahisi.

Anayekula ni mtoto. Akianguliwa hatoki nje hata mara moja. Hutoboa pale pale chini ya yai, akaingia ndani ya punje, akaila nyumba huku akiishi humo, na baada ya wiki tatu au nne za joto letu hutoka kwa mlango wa duara aliouchonga mwenyewe, akiwa bwana arusi kamili. Siku hiyo hiyo anaanza kuposa. Ndiyo maana gunia ulilolishona likiwa zuri, ukalisahau miezi michache, ukilifungua linakumwagia vumbi na matundu.

Mwongozo huu ni wa kuivunja arusi hiyo kwa harufu. Mafuta ya kunukia ya karafuu, kivumbasi, mchaichai, mkaratusi na mdalasini ni silaha za kweli. Mimea iliyaunda kwa kazi hiyo kabla binadamu hajajua kulima, na yanawaua wadudu, yanawafukuza, tena yanazuia kuvu kuota. Nauandika nikiwa na ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni yule msomi anayeyacheka kwamba ni majani ya bibi. Wa pili ni yule muuzaji anayezunguka minadani na chupa moja inayotibu kila kitu kuanzia mchwa hadi nuksi. Wote wawili wanamnyima mkulima jambo moja, nalo ndilo nitakalolirudia hadi unichoke: harufu inafanya kazi ikifungiwa. Ukiiacha wazi, inaondoka, na fukusi wanaendelea na ngoma.

Usiwape kadi ya mwaliko

Arusi hii haianzii ghalani. Fukusi wa kunde huruka hadi shambani maganda yakianza kukauka, akataga juu ya maganda, na wewe mwenyewe ndiye unayembeba hadi nyumbani ukiwa umemtandikia gunia. Kwa hiyo vuna mapema. Kunde zilizokauka zisisubiri arusi ya binamu wala mwisho wa mwezi. Kila siku ambayo zinabaki shambani ni siku ya uchumba.

Ukishapura na kupepeta, tafuta jua la adhuhuri na karatasi mbili za nailoni, moja nyeusi na moja inayopitisha mwanga. Tandika majani makavu chini, juu yake nailoni nyeusi, mimina kunde kwa tabaka jembamba, zifunike kwa ile inayoonyesha, kisha kandamiza kingo zote kwa mawe. Ndani ya tanuri hilo joto likifika nyuzi 57 na kukaa hapo saa moja, hufa wakubwa, hufa watoto waliomo ndani ya punje, na mayai nayo yanaiva. Njia hii ilienezwa kwa wakulima wa kunde wa Kameruni na inastahili kuenea hapa kwetu kwa kasi ile ile, maana jua tunalo. Ziache kunde zipoe kabisa kabla ya kuzifungia. Ukizifungia zikiwa moto zitatoka jasho, na jasho hilo litawaalika wageni wengine, wa ukoo wa kuvu, ambao tutawafikia.

Hakuna mafuta ya mmea wowote yanayofidia uvivu katika hatua hii.

Kuchagua harufu ya kuwatoa ukumbini

Anza na kilicho karibu. Kivumbasi kinaota nyuma ya nyumba nyingi, kando ya njia na kwenye mahame. Watu wa Pwani na wa bara wamekitundika milangoni kufukuza mbu na kukichanganya na nafaka tangu enzi na enzi. Vunja jani lake moja ulinuse. Kisha nusa karafuu. Kama umekulia karibu na Pemba, pua yako itakwambia kabla ya maabara: zina undugu. Aina nyingi za kivumbasi hubeba yujenoli, na yujenoli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, mara nyingi kuanzia asilimia 70 kwenda juu. Majani ya mdalasini nayo yanayo kwa wingi. Ni ile ile unayoinusa kwa daktari wa meno akiziba jino.

Watafiti nchini Kenya wamevipima kivumbasi na mrehani wa Kilimanjaro, ule wenye harufu ya kafuri, dhidi ya fukusi wa mahindi na wa maharage, na bibi akaonekana alikuwa sahihi. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega wapo wakulima wanaoulima mrehani huo na kuukeneka mafuta yanayotengenezewa dawa ya kuchua. Msomi wetu anayecheka afike huko kwanza.

Sasa kwa nini mdudu anakufa na wewe unapiga chafya tu? Mishipa ya fahamu ya wadudu hutumia mjumbe aitwaye oktopamini kuamuru mapigo ya moyo, misuli na mwendo. Wewe na mimi mwilini mwetu kazi za namna hiyo zinafanywa na adrenalini na nduguze. Yujenoli huwavuruga wajumbe wa mdudu. Thimoli, iliyomo kwenye mafuta ya zaatari, huharibu mfumo mwingine, ule unaozituliza fahamu zisichachamae. Ukimtazama fukusi aliyefungiwa na mvuke wa karafuu kwenye chupa ya kioo, utaona kwanza anakimbia kwa fujo, kisha anayumba, miguu inatetemeka, analala chali. Mvuke umemwingia kwa vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni mwake, naye hana namna ya kuziba ubavu wote.

Lakini usichukue somo hilo kwamba mafuta hayana madhara kwako. Mafuta ya karafuu yaliyokenekwa huunguza ngozi na macho, na mtoto mdogo akinywa kiasi cha kijiko kimoja au viwili anaweza kuharibika ini. Mafuta ya mkaratusi nayo humtia mtoto degedege. Hii ndiyo sehemu ambayo mwenye chupa huwa haitaji kwa kuwa ameandika kwenye karatasi kwamba ni ya asili. Ya asili ni pamoja na upupu. Chupa ikae juu, imefungwa, imeandikwa jina, na isiwe chupa ya soda.

Kupika harufu bila kukamatwa

Waweza kutumia majani makavu yaliyopondwa, na kwa debe moja la kunde hiyo ni njia ya busara. Yakaushe kivulini. Anayeanika kivumbasi juani anawapa ndege na mawingu ile dawa, kisha anachanganya kunde zake na majani matupu na kulaumu mila.

Ukitaka mafuta yenyewe, lazima ukeneke. Unahitaji pipa la chuma, chekecheke ya waya inayokaa juu ya maji ili majani yasichemke bali yapitiwe na mvuke, mfuniko uliozibwa kwa unga uliokandwa, na bomba linalotoka juu ya mfuniko likapita ndani ya maji baridi hadi kwenye chupa. Mvuke hubeba mafuta kutoka kwenye majani, ukipoa hugeuka maji na mafuta, na hivyo viwili havichangamani. Kabla hujawasha moto, mwendee balozi wa nyumba kumi, umsalimie, umweleze, umwonyeshe majani. Pipa, bomba na maji baridi nyuma ya nyumba vina tafsiri moja tu katika kijiji chochote, na mgambo hawatakuja kunusa kama ni karafuu au ni gongo. Hakikisha pia bomba halijaziba popote. Mvuke uliokosa njia hulipua mfuniko, nawe utakuwa umeua fukusi kwa njia ambayo haimo humu.

Mchaichai na mkaratusi, mafuta yao huelea juu ya maji, yaengue. Ya karafuu huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Wapo wanaosubiri yaelee, wasione kitu juu, wakamwaga chupa yote wakisema mwaka huu karafuu ni mbovu. Tazama chini: kuna tabaka la manjano hafifu limetulia sakafuni. Hilo ndilo ulilolihangaikia mchana kutwa.

Karafuu zenyewe zipime kabla ya kununua. Bonyeza moja kwa ukucha. Iliyo nzima hutoa jasho la mafuta. Tupa chache kwenye gilasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima kichwa juu, na zilizokwisha kunyonywa mafuta kiwandani kisha zikarudishwa sokoni hulala kifudifudi juu ya maji. Karafuu kavu hubeba mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, utajiri ambao mimea michache sana duniani inao, lakini bei yake inamfaa mwenye biashara ya pilau na dawa, si mwenye debe la kunde. Mkulima atafute makonyo, vile vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu kwenye majamvi. Vina asilimia 5 au 6 hivi, na majani ya mkarafuu yana pungufu ya hapo. Pemba wanalijua hilo vizuri. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda kinachokeneka makonyo, na upepo ukivuma upande wako unajua kipo kabla hujakiona. Mchaichai ni mchoyo zaidi: kilo 100 za majani mabichi hazikupi hata lita moja.

Hifadhi mafuta kwenye chupa ya kioo cheusi. Plastiki nyingi yanazilainisha, na mwanga na joto vinayachosha.

Kufunga mlango, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe

Msomaji akiruka sehemu nyingine zote, hii asiiruke.

Majaribio yanayosifiwa ya mafuta dhidi ya fukusi hufanywa ndani ya chupa zilizozibwa, na vipimo vyake ni mikrolita kwa lita ya hewa. Ni tone dogo ndani ya nafasi ndogo, kizibo juu. Mtu akalisoma hilo, akaenda akanyunyiza mafuta yale yale kwenye kihenge cha fito kilichoachwa matundu makusudi ili mahindi yapumue. Kihenge kitanukia vizuri hadi jioni. Fukusi watasogea upande wa pili, watarudi keshokutwa, na baba mwenye nyumba atatangaza kwamba dawa za mitishamba ni uongo. Dawa si uongo. Yeye alifukiza nyumba isiyo na kuta.

Tumia dumu lenye mfuniko wa kukaza, lile la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula, likiwa limeoshwa likakauka hadi ndani. Lijaze kunde kavu mpaka karibu na shingo. Kadiri hewa inavyobaki kidogo ndivyo mvuke unavyokuwa mkali, na ndivyo wadudu wanavyoimaliza pumzi upesi. Funga matone machache ya mafuta kwenye pamba, pamba kwenye kitambaa, ning'iniza chini ya mfuniko pasipo kugusa kunde wala plastiki, kisha kaza. Usifungue. Mwenye kufungua kila Ijumaa kuangalia kama wamekufa anawapa mahututi hewa ya kuwafufua.

Liache zaidi ya mwezi. Sababu unaijua tayari: mtoto aliye ndani ya punje amejikinga kwa ukuta wa kunde, na mvuke unamfikia kwa shida. Ila lazima siku moja atoke aoe. Akitoka, akute harufu inamsubiri mlangoni. Ukifungua mapema, ukaona maiti juu ya kunde, ukashangilia, umewazika wazee na kuwaachia vijana ukumbi.

Ipo pia njia ya kupaka: mafuta ya kawaida ya kula, ya karanga au alizeti, mililita 5 kwa kila kilo ya maharage au kunde, yakachanganywa vizuri hadi kila punje ing'ae. Utando huo huzinyima hewa mayai. Hayana harufu ya kutisha na yanafaa kuliwa, na ukitaka waweza kuyatilia tone la karafuu ndani. Kwa mbegu za kupanda uwe mwangalifu, kwa kuwa mafuta ya kunukia yanaweza kuua kiini. Chukua punje 20 kutoka dumuni, zifunge kwenye kitambaa kibichi siku chache, uhesabu zilizochipua kabla hujaliamini shamba lako zima.

Na sasa haki itendeke. Kuna mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni nzito ndani ya mmoja wa kufuma, iliyobuniwa na watu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi, na sasa inauzwa kwenye maduka mengi ya pembejeo Tanzania na Kenya. Hiyo huua fukusi kwa kuwanyima pumzi peke yake, bila dawa yoyote. Ukiwa nayo, karafuu ni ziada. Nawaambia hivyo nikiwa mpenzi wa karafuu, kwa sababu mkulima mwenye pesa ya mfuko mmoja anunue mfuko, asinunue chupa.

Kuhusu mahindi neno moja. Huko adui mkubwa ni dumuzi, mzaliwa wa Amerika ya Kati, ambaye alijulikana hapa Tanzania kwanza Tabora, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, na ambaye watu walimwita Scania, jina la lori. Anatoboa mbao, anatoboa hata nailoni, na hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, anakojishikiza vizuri akachimba. Pukuchua. Usimpe gunzi ukategemea mchaichai ukamfuate huko ndani.

Chupa ya mnadani

Utamkuta chini ya mwembe, na kipaza sauti. Atasema dawa yake ya mimea inaua viwavijeshi, kantangaze, bakajani, mchwa na vidukari, na kwamba haina kemikali. Mama mmoja atamuuliza kwa upole, "Mwanangu, inapimwaje?" Atajibu, "Mama, wewe weka tu, haina shida."

Muulize yafuatayo bila kupunguza sauti, wengine wasikie. Mmea gani umo? Mafuta kiasi gani kwa lita? Unayachanganyaje na maji, maana mafuta na maji hayapatani, na bila sabuni au kitu cha kuyaunganisha utanyunyizia mmea mmoja mafuta matupu na kumi inayofuata maji matupu? Umeisajili? Kwa Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kiuatilifu cha mimea ni kiuatilifu pia. Ama hilo la kutokuwa na kemikali, mwambie yujenoli ni kemikali, na ndiyo sababu unaitaka.

Kisha umwambie kuhusu majani kuungua. Mafuta ya karafuu yakizidi hukausha majani mabichi, na yapo masoko ya nje ambako huuzwa kuwa dawa ya kuua magugu. Kwa hiyo yule anayekwambia uongeze kipimo ikiwa kantangaze hawajafa, anakushauri uipalilie nyanya pamoja na wadudu wake. Kama umeamua kunyunyiza, jaribu kwanza mche mmoja au miwili pembeni, jioni, jua likishapoa, na utazame siku mbili.

Hata ukipima sawasawa, shambani upepo na jua hushinda. Harufu ya kunyunyiza hupungua kwa saa, si kwa wiki. Wenye mashamba ya mizabibu Ulaya waligongana na ukuta huo huo. Jibu lao ni la kuvutia kweli: yujenoli, thimoli na jeranioli, vitu vitatu vya kwenye mafuta ya mimea vilivyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013, vikafungiwa ndani ya maganda matupu ya chembe za hamira. Ganda ni dogo hata jicho haliwezi kuliona. Umande ukiligusa huachia dawa polepole, na umande ndio wakati ule ule ambao kuvu wa kijivu wa zabibu anaamka. Angalia pesa ya utafiti ilikokwenda: kwenye kifuniko. Karafuu walikuwa nayo siku zote.

Kwa kuvu, utani unaisha

Mafuta haya huharibu utando unaoizunguka chembe ya kuvu, yaliyomo ndani yakavuja, na mengi yao huzuia hata kuvu kutengeneza sumu. Kwenye sahani ya maabara inapendeza sana: kuvu inajaa kila mahali isipokuwa duara safi kuzunguka tone la karafuu. Lakini ghalani kwako aliyepo ni yule kuvu wa kijani anayetengeneza sumukuvu, na huyo haletwi na kukosa mafuta ya karafuu. Analetwa na unyevu.

Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, zaidi Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Dodoma na Manyara. Ni mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa kwa jasho, yakahifadhiwa mabichi.

Kwa hiyo kabla ya chupa yoyote, chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu, tia konzi ya chumvi iliyokauka na mahindi hadi robo au theluthi, tikisa dakika kadhaa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15; rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Unalolitafuta ni asilimia 13 au karibu na hapo. Yakiwa makavu hivyo, harufu itakusaidia. Yakiwa mabichi, ukayafungia kwenye dumu pamoja na karafuu, umepika sumu yenye marashi.

Na mahindi ambayo tayari yameota kuvu, usiyapake kitu. Mafuta hayaiondoi sumu iliyokwisha kuingia, kuchemsha hakuiondoi, na kusaga ni kuificha tu. Usimpe hata ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa, na anayenywa maziwa nyumbani kwako unamjua.

Harufu yenye mizizi

Shamba halina mfuniko, na kila chupa inakauka. Mmea ulio hai ndio chupa pekee inayojijaza yenyewe usiku ukiwa umelala, na hapo ndipo ningependa mkulima aweke nguvu zake za nje ya ghala.

Kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, watafiti wa ICIPE, kituo cha wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza, walikaa miaka ya 1990 wakichunguza nondo anayetaga kwenye mahindi na kuzaa funza wa mabua. Yeye naye huongozwa na pua. Wakakuta majani ya tembo, yale ya kulishia ng'ombe, yanamvutia kuliko hata mahindi, hasa jioni anapotafuta pa kutaga. Wakakuta desmodium, jamii ya kunde inayotambaa, inatoa harufu ambayo nondo huyo haitaki kabisa. Wakapanda desmodium katikati ya mistari na majani ya tembo kuzunguka shamba. Nondo akasukumwa kutoka ndani, akavutwa nje, akataga kwenye majani ya tembo, na funza wengi waliojaribu kuyatoboa wakanaswa na utomvu wake unaonata. Mizizi ya desmodium, juu ya yote hayo, hulidanganya gugu la kiduha lichipue pasipo mahindi ya kulinyonya, likafa. Njia hiyo inaitwa sukuma-vuta, na hutalipia chupa hata moja.

Ng'ombe anakula pande zote mbili za dawa hiyo. Kwa maeneo makavu hutumika brakiaria badala ya majani ya tembo, pamoja na desmodium ya majani ya kijani inayostahimili ukame. Mbegu ya desmodium huwa ghali na adimu, lakini haihitajiki iwe nyingi: inaota kwa vipandikizi. Mwendee jirani aliyekwisha kuipanda, umwombe mashina yaliyokomaa, ukate yenye vifundo viwili au vitatu, uyafukie ardhini kifundo kimoja kikiwa chini ya udongo mvua zikiwa zimekwisha kushika. Palilia kwa mkono msimu wa kwanza, maana ikiwa changa inafanana na magugu na jembe la kibarua halitaitambua.